Moshi wa Ng'ambo ya Mbuga

Moshi si salamu. Watu wa Isongwa husema hivyo, na Bibi Nkamba alisema hivyo jioni ile alipomuuliza mjukuu wake Tatu habari za kaka yake aliyeko Mwanza. Tatu alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye karanga alizokuwa akibangua.

"Hajambo, bibi. Kila siku namwona mtandaoni, kidoti chake cha kijani kinawaka."

"Umezungumza naye?"

"Sijazungumza naye, lakini si nakwambia namwona?"

"Moshi si salamu," akasema bibi.

Vijana waliokuwa wakimsaidia kubangua wakacheka. Wakataka kujua moshi umeingiaje hapo wakati hata jiko halijawashwa. Bibi Nkamba hakucheka. Aliusukuma ungo kando, akajifuta mikono kwenye kanga yake.

"Mnacheka kwa sababu hamjui neno hili limetoka wapi," akasema. "Limetoka kwenye kifo cha mtu. Basi nyamazeni niwaambie lilivyoanza."

Zamani, msitu ulipokuwa bado unaanzia nyuma ya nyumba zetu, wanaume wa Isongwa walikuwa warina asali. Mvua zikiisha waliingia porini na mashoka, kamba na vilindo vya magome vya kubebea asali, nao hawakurudi upesi. Huko porini hakuna nyumba. Kila mtu alijitafutia dago, yaani mahali pa kulala na kuwasha moto, na dago halikuwa na mwenyewe. Hukuomba ruhusa kwa mtu wala hukulipa kitu. Ulichotakiwa kufanya ni kuacha kuni kavu unapoondoka, apate kuzikuta atakayekuja baada yako, hata kama humjui. Lakini kupata dago la bure si kupata dago jema. Wapo waliolala bure wakaamka wamezungukwa na siafu, na wapo waliolala kwenye njia ya tembo wasiamke kabisa.

Palikuwa na ndugu wawili, Mgalula na Kapaya, watoto wa mama mmoja aliyeitwa Nyanzala. Baba yao alikuwa amekwisha kufa. Mgalula, aliyekuwa mkubwa, alikuwa mtu wa maneno machache na kiburi kingi, ingawa moyo wake haukuwa mbaya. Kapaya alikuwa na mdomo mwepesi, na kwa kutafuta dago hakuwa na mfano. Akifika mahali pageni alitazama juu kabla ya kutazama chini, asije akalala chini ya tawi bovu. Aliangalia kanga wanakimbilia wapi jua likishuka, kwa sababu kanga hawalali mbali na maji. Alichota udongo akaunusa. Wazee walimsifu kwa hayo mbele ya kaka yake, na sifa hizo, wajukuu zangu, zilimwasha Mgalula kama upupu.

Mwaka ule mama yao aliwasindikiza mpaka mwisho wa shamba la mtama. Akamshika Mgalula mkono.

"Huyu ni mdogo wako," akamwambia. "Mimi huko siendi. Macho yangu ni wewe."

"Nimesikia, mama," Mgalula akajibu.

Walifuatana na jirani yao, Mzee Katabi, aliyekuwa na goti bovu lakini hakutaka kuambiwa abaki nyumbani. Wakatembea mpaka wakafika kwenye dago alilozoea kulala marehemu baba yao. Mafiga yake yalikuwa bado yapo, meusi, nyasi zimeota katikati. Mgalula akatua mzigo. Kapaya hakutua wake. Alizunguka, akatazama juu, akashuka kijitoni, akarudi akitikisa kichwa.

"Kaka, hapa si pa kulala tena. Kijito kimehama, yamebaki matope. Na huu mti wa mtundu juu yetu umeliwa na mchwa. Tulipokuwa tukija niliona kanga wanavuka kwenda ng'ambo ya mbuga. Twendeni huko."

"Baba alilala hapa."

"Baba alilala hapa maji yalipokuwa hapa. Angekuwa hai angehama."

Mzee Katabi akacheka kidogo. Laiti asingecheka! Mgalula aliona amevuliwa nguo mbele ya mtu mzima.

"Sikio halipiti kichwa," akasema. "Nimesema tunalala hapa."

Kapaya naye alikuwa kijana, na kijana akichokozwa hakosi jibu. "Basi kichwa na kilale hapa," akasema. "Sikio linakwenda kusikiliza maji." Akachukua shoka lake, kamba na kibuyu, akaingia kwenye majani marefu ya mbuga. Mgalula hakumwita. Mzee Katabi alimwita, lakini Kapaya alikuwa amekwisha kuzama majanini.

Mbuga ile ilikuwa pana. Ukipiga kelele upande huu, wa upande ule hasikii. Na baada ya mvua ilikuwa na tope la magotini, kwa hiyo kuivuka kulikula asubuhi nzima. Kwa sababu hiyo warina asali walikuwa na desturi yao. Alfajiri mtu alitupia majani mabichi motoni, ukapanda moshi mweupe, mzito, hata ukaonekana juu ya miti. Aliyeko ng'ambo akiuona, naye hutupia majani yake. Ilikuwa kama kuulizana, umeamka? Nimeamka, wewe je?

Siku za kwanza hakuna aliyetupia majani. Kila asubuhi Mgalula alitoka, akatazama ng'ambo, akauona moshi mwembamba wa moto wa kawaida. "Ananuna," akajisemea. "Mimi ni mkubwa. Ataanza yeye." Kisha akaenda kwenye mizinga yake. Lakini jambo la kwanza kila alipoamka lilikuwa kutazama ng'ambo, na asingelikubali hilo hata kwa viboko.

Asubuhi moja alitoka akauona. Moshi mweupe, mzito, umesimama juu ya miti ya ng'ambo.

"Mzee Katabi!" akaita. "Tazama! Ameanza yeye!"

Msidhani alifurahi kwa kushinda tu. Alikuwa amemkumbuka mdogo wake. Usiku alikuwa akigeukageuka, akitafuta namna ya kumaliza ugomvi bila kuonekana ameinama. Sasa ugomvi umekwisha wenyewe. Akakimbia, akakata matawi, akatupia majani mengi kuliko ilivyo desturi, mpaka Mzee Katabi akakohoa na kulalamika. Moshi wa Mgalula ukapanda kuujibu moshi wa Kapaya.

"Haya, nenda basi mkaonane," akasema Mzee Katabi.

"Nitakwenda. Tumekwisha kusalimiana. Acha nimalize kwanza mizinga ya upande huu, nimpelekee asali nzuri."

Mchana, jua likiwa la utosi, moshi mzito ukapanda tena kule ng'ambo. Mzee Katabi akauangalia sana, mkono umekinga macho.

"Salamu za mchana hizi, mimi sijapata kuziona," akasema.

Mgalula akacheka. "Humjui Kapaya? Huyo akifurahi hana kiasi." Akatupia majani tena, akaitika. Jioni ile alikula akashiba, na akalala usingizi mzuri ambao alikuwa hajaulala tangu waachane.

Asubuhi iliyofuata moshi wa ng'ambo ulikuwa mwembamba. Mgalula akasema ni sawa, hawawezi kusalimiana kila siku kama wachumba. Kesho yake ulikuwa mwembamba zaidi, kama uzi, lakini ulikuwepo. Mgalula akachukua kamba zake aende kazini. Mzee Katabi alikuwa ameinama juu ya chungu, akionja mchuzi. Akanyoosha mkono kwenye mfuko wa chumvi, kisha mkono ukasimama.

"Mgalula," akasema. "Chumvi ilikuwa kwenye mzigo wa nani?"

"Kwenye wangu. Kwa nini?"

"Mdogo wako hana chumvi. Ana siku zote hizo huko, na mmepatana. Mbona haji kuomba chumvi?"

Mgalula akazitupa kamba chini. Aliingia kwenye mbuga akikimbia, tope likimvuta, majani yakimkata uso, na njia nzima alikuwa akisema peke yake, "Yuko mzima, moshi upo, yuko mzima, moshi upo."

Dago la Kapaya lilikuwa zuri. Alipofika, Mgalula hakuweza kutoliona hilo. Ardhi ilikuwa kavu na imeinuka kidogo, miti ya juu ilikuwa mizima, upepo ulipita vizuri, na chemchemi ya maji safi ilisikika karibu kabisa. Kando ya moto palikuwa na vitanda viwili vya majani makavu. Kimoja kimelaliwa. Cha pili kilikuwa hakijaguswa na mtu.

Motoni palikuwa na gogo moja nene la mgurure, mti ambao ukishika moto huungua taratibu kwa ndani, siku baada ya siku, bila mtu kuugusa. Ndilo lililokuwa likitoa moshi. Kapaya alikuwa amelala upande wa pili wa gogo hilo. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti alipokuwa akipandisha mzinga, paja limevunjika na kuvimba, na udongo ulionyesha jinsi alivyojiburuta mpaka hapo. Kibuyu chake kilikuwa kikavu. Nyasi zote ambazo mkono wake ungeweza kuzifikia zilikuwa zimeng'olewa. Baadhi yake zilionekana chini, kati yake na moto. Alizitupa, hazikufika.

"Kapaya!"

Macho yalifunguka. Ilichukua muda mpaka yakamwona.

"Kaka," akasema kwa sauti kavu. "Niliona umeitika. Nikajua unakuja."

Mgalula alipiga magoti, akakishika kichwa cha mdogo wake. "Nilidhani unanisalimia," akasema. "Kapaya, ndugu yangu, nilidhani unanisalimia."

"Nilikuwa nakuita."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ingekuwa afadhali. Mgalula alikwenda kwenye chemchemi, akaleta maji kwa viganja, akaenda tena, akaleta tena. Kapaya alikunywa kidogo, mengi yakamwagika kifuani.

"Umeona dago langu?" akauliza.

"Nimeliona. Ni zuri. Ulisema kweli, na mimi nilikuwa mjinga."

"Kitanda kile ni chako," akasema Kapaya.

Mgalula alimbeba mgongoni, akamfunga kwa kamba ya Kapaya mwenyewe ya kurinia asali, akaingia naye kwenye mbuga. Alikuwa akizungumza njia nzima. Alimweleza habari za nyumbani, za mama, za mtama utakaovunwa, maneno mengi kuliko aliyopata kumwambia maisha yake yote, na Kapaya alikuwa akiguna kuonyesha anasikia. Katikati ya mbuga aliacha kuguna. Mgalula aliendelea kuzungumza mpaka ng'ambo, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kukubali kwamba mdogo wake amekufa.

Walimrudisha Isongwa. Nyanzala alikuwa uani akipepeta, na alipowaona wanaume wawili badala ya watatu, na mzigo waliouchukua, aliweka ungo chini taratibu. Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwanawe.

"Siku zote hizo, hukwenda kumwona?"

"Nilikuwa nauona moshi wake kila asubuhi, mama. Nilijua ni mzima. Akanipa salamu ya moshi, nami nikaitika. Niliitika, mama, wallahi niliitika!"

"Nilikukabidhi mtoto umtazame," akasema Nyanzala. "Wewe ukatazama moshi." Akamshika Mgalula mashavu kwa mikono miwili, kwa kuwa huyu naye alikuwa mtoto wake, na sasa alikuwa amebaki yeye tu. "Moshi si salamu, mwanangu. Moshi si salamu." Hapo ndipo kilio kilipomtoka, na majirani wakaja.

Neno hilo halikusahauliwa. Waliokuwepo msibani walilibeba wakaondoka nalo, likaingia msituni pamoja na warina asali, likatoka huko likaenda kwa watu wengine wasiojua hata dago ni nini.

Mimi nilimkuta Mgalula akiwa mzee, nami msichana mdogo. Hakuacha kwenda porini. Lakini watu waliolala naye huko walisema alikuwa msumbufu. Akijua kuna mtu kwenye dago la mbali, hata asiyemfahamu, alfajiri alivuka tope akamwendea. Wengine walimwona akija wakakereka, wakampigia kelele arudi zake.

"Mzee Mgalula, unajichosha bure! Huoni moshi wetu? Sisi wazima!"

Naye hakurudi. Alikuja mpaka pale walipo, amelowa hadi kiunoni, anahema, akanyoosha mkono.

"Moshi si salamu," alisema. "Nipe mkono."