Kinu cha Milola

Kitanda ni kitu cha kudanganya. Ukikitazama kutoka mlangoni, kimetandikwa shuka safi na mito imepangwa, waweza kuapa kwamba anayelala hapo anaota ndoto za peponi. Mwenye habari kamili ni yule aliyekesha akijikuna. Ndiyo maana wahenga wetu hawakuona haya kumtaja kunguni katika methali zao. Walitaka tujue kwamba raha au karaha ya mahali huijua aliyejinyoosha hapo kwa ubavu wake, wala si mwenye nyumba, wala seremala aliyekichonga kitanda. Hadithi hii ni ya mwenye nyumba mmoja aliyekawia kulijua hilo.

Jina lake lilikuwa Likwata, mkazi wa Milola, na kazi yake udereva. Udereva aliupata ujanani huko Nachingwea, enzi za mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, alipokuwa akiendesha malori yaliyobeba mapipa ya mafuta na vyuma vya matrekta. Mizigo ya namna hiyo hailalamiki. Basi Likwata alitoka huko na imani moja tu kuhusu magari, nayo ni kwamba gari zuri ni gari gumu. Gari likiyumba kwenye kona alilitukana. Likiigonga njia kwa kishindo alitabasamu na kusema hilo ndilo dume.

Ulipofika wakati wa vijiji vya ujamaa, nyumba za Milola zilikusanywa zikapangwa mistari kando ya barabara, na kijiji kikapata Landrova kuukuu iliyokuwa ya misheni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka wagonjwa wa zahanati katika hospitali ya Lindi. Kazi ya pili, msimu ukifika, ilikuwa kubeba korosho za kijiji hadi ghalani. Likwata akakabidhiwa ufunguo. Aliliosha gari hilo kila asubuhi kabla hajanywa uji, na mkewe Mwahija akawa anawaambia majirani, bila kinyongo, kwamba ana mke mwenza wa chuma.

Haukupita muda wanawake wa kijiji wakalipa gari lile jina: Kinu. Likwata alipolisikia alifurahi mno. Katika nyumba ya Mmwera, kama walivyo watu wa Milola, kinu ndicho kinacholisha watoto. Huchongwa kwa gogo gumu, na mama humwachia binti. Likwata akaona kijiji kimemtunuku. Akatafuta rangi nyeupe, akaandika kwa mkono wake juu ya kioo cha mbele, KINU CHA MILOLA. Kila alipopita, wanawake waliokuwa uani wakitwanga walimpungia mkono huku wakicheka, naye akawapigia honi.

Mwaka mmoja shokamzoba za gari zikaanza kuvuja mafuta. Shokamzoba, kwa asiyezijua, ni zile nguzo fupi zinazosimama karibu na kila gurudumu, na kazi yake ni kuzituliza springi ili gari lisirukeruke kama mbuzi. Hizo zilizovuja zilikuwa za aina ngumu, za malori ya mizigo mizito, alizozichagua Likwata mwenyewe alipokabidhiwa gari. Vipuri siku zile vilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kijiji kiliomba kibali, kikasubiri mpaka watu wakaanza kusahau kwamba kiliombwa, na hatimaye kikaruhusiwa seti moja tu. Aliyekosea kuchagua angekaa na kosa lake mpaka Mungu apende. Likwata hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Angechukua zilezile ngumu, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pazi, alimwunga mkono kwa sababu korosho zilikuwa zimeshaanza kudondoka.

Wakati huohuo Kidawa, mtoto pekee wa Likwata na Mwahija, alikuwa mjamzito kwa mara ya kwanza, na miezi yake ilikuwa imekaribia kutimia. Rosalia, mkunga wa zahanati, alimpima akakunja uso. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Alisema Kidawa aende Lindi mapema, kabla uchungu haujaanza, akasubirie hukohuko kwenye madaktari. Likwata akajibu kwamba hilo si neno, gari la baba lipo.

Kidawa akasema halipandi.

Alisema yuko tayari kubebwa kwa machela na vijana wa kijiji, kwa miguu, hata wakilala njiani. Rosalia alimweleza waziwazi kwamba uchungu ukimkamata katikati ya pori, mtoto na mama wote wawili wanaweza kupotea. Kidawa alilia, lakini hakubadili neno. Kwa Kinu, alisema, mtoto hatafika.

Likwata aliumia sana. Aliumia kama baba, na pengine aliumia zaidi kama dereva. Jioni alimwuliza mkewe ni nini kilichomwingia binti yao, na Mwahija, aliyekuwa akichagua mchele, aliweka ungo chini.

"Baba Kidawa, mwaka juzi ulimpeleka mwanao Lindi ana homa," alisema. "Alirudi homa imepona, lakini ubavu mzima umevilia damu. Mama yake Sipriani alikwenda na jino bovu moja, akarudi ameuma ulimi. Na hilo jina uliloliandika juu ya kioo, hukuuliza maana yake. Gari ndilo kinu, barabara ndiyo mchi. Mahindi ni sisi tunaolala nyuma."

Likwata akazikumbuka honi zote alizowapigia.

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani angekuambia? Wewe ni mtu mzima, watu unawasaidia bila kuchoka, na kila ukiwafikisha unauliza kama safari ilikuwa njema. Mtu akujibu nini?"

Hata hivyo Likwata hakukubali mara moja, kwa maana sikio la dereva mkongwe ni zito. Alidai kwamba ameishi ndani ya gari lile, analijua kila msumari, na kama lingekuwa baya angekuwa wa kwanza kuona. Mwahija alimjibu kwamba yeye ameishi mbele, penye mto wa kukalia na usukani wa kushikilia. Kesho yake anakwenda Lindi kuchukua vipuri. Basi na alale nyuma, juu ya machela ya wagonjwa, na gari aendeshe Abilahi. Akiteremka huko akasema ni pazuri, Mwahija mwenyewe angemshika Kidawa mkono na kumpandisha. Likwata, aliyejua kwamba atashinda, akakubali.

Sasa Abilahi huyo alikuwa mume wa Kidawa. Likwata ndiye aliyemfundisha kuendesha mpaka akapata leseni, lakini tangu alipooa, mambo yalikuwa mengine. Ukwe ni ukwe. Kijana hamtazami baba mkwe wake akiwa amelala chali, na mzee hamlilii mkwewe kama mtoto aliyechomwa sindano. Asubuhi ile Abilahi alisubiri ameipa sehemu ya nyuma mgongo mpaka aliposikia mlango umefungwa, kisha akapanda na kuondoka shingo imemkaza, macho mbele.

Barabara ilikuwa ya kiangazi, imejikunja kama bati. Kufika mwisho wa mashamba ya kijiji, Likwata alikuwa amekwisha kugonga kisogo. Alitafuta mahali pa kushika, hapakuwapo. Alijaribu kulala ubavu, chuma cha machela kikamwingia kwenye nyonga. Akageuka, kikamngoja chini ya bega. Kila tuta lilipanda kutoka kwenye gurudumu likapita moja kwa moja mpaka mgongoni mwake, halikusimama popote wala halikupungua nguvu, kwa sababu shokamzoba zile ngumu zilisubiri magunia ya korosho ndipo zikubali kunywea, naye hakuwa gunia. Vumbi likamjaa kooni. Mara kadhaa alifungua kinywa amwambie Abilahi apunguze mwendo, na kila mara akakifunga. Angeanzaje kumlalamikia mkwewe?

Walipofika Rutamba, Abilahi alisimamisha gari na, bila kugeuza shingo, akauliza kwa adabu zote, "Baba, safari njema?"

"Njema, mwanangu. Twende," Likwata alijisikia akijibu.

Maneno yale yalipomtoka, yalimrudia masikioni, naye akayatambua. Yalikuwa yaleyale. Miaka yote hiyo alikuwa akiuliza, na wagonjwa wote, mmoja baada ya mwingine, walimjibu hivyohivyo kwa sauti hiyohiyo ya kukaza meno, kwa sababu ya mvi zake. Alikuwa ameichukulia adabu yao kuwa ushahidi. Likwata alilala pale akitazama turubai, akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani mwake, na njia iliyobaki hadi Ng'apa na Lindi ilimwona mtu mwingine kabisa.

Katika duka la vipuri muuzaji alimuuliza gari linabeba nini. Mara ya kwanza, miaka ile, Likwata alijibu korosho. Safari hii alisema, "Watu," kisha akaongeza, "waliolala."

Muuzaji akatoa aina tatu. Za kwanza zilikuwa zile ngumu, na Likwata hakuzigusa. Za pili zilikuwa laini, za gari dogo la mjini. Ukizibonyeza zilishuka kama siagi, na kwa jinsi mgongo ulivyokuwa ukimuuma, moyo wake ulizitamani. Lakini udereva wake haukuwa wa bure. Alizivuta hadi mwisho, akazilinganisha na zile za zamani, akaona ni fupi. Kwenye korongo la kwanza gurudumu lingening'inia na shokamzoba ingekatika, na mgonjwa angelala porini. Za tatu zilikuwa za Landrova ya aina hiyohiyo, za kawaida tu. Urefu wake ulilingana zikiwa zimebonyezwa na zikiwa zimevutwa, matundu na raba zake yalikaa sawasawa, na alipozibonyeza kwa uzito wa mwili zilishuka taratibu na kurudi taratibu, bila kuruka. Likwata akasema ni hizo.

Walizifunga palepale uani. Halafu Likwata akaweka nyuma magunia mawili ya mchanga, kwa sababu springi za Landrova hazipendi kubeba mtu mmoja. Zikipata uzito kidogo hutulia. Abilahi akadhani mzee sasa atakaa mbele. Lakini Likwata alipanda tena nyuma kwa hiari yake, akajinyoosha, na walipofika Rutamba akaulizwa tena kama safari ni njema.

"Si mbaya, lakini shingo inauma, na lile korongo uliliingia kwa haraka," alijibu.

Abilahi alishtuka kuambiwa hivyo na mkwewe. Kisha, nadhani, alifurahi, maana aliendesha njia iliyobaki kana kwamba amepakia mayai.

Mwenyekiti Pazi alizikuta shokamzoba zimekwisha kufungwa, na hakupendezwa. Alisema kwa hizo gari litabeba magunia machache kila safari, na korosho zitachelewa. Likwata alimwomba wayazungumze mjukuu akishazaliwa. Kisha akaenda kwa bintiye. Hakumsifia gari wala hakumbembeleza. Alimwambia mahali panapouma: kisogoni, chini ya bega la kushoto, na kwenye nyonga pale chuma kinapogusa, na kwamba pale pa nyonga ameweka blanketi lililokunjwa. Kidawa alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Alijua kwamba hayo hawezi kuyasimulia mtu ambaye hayajampata. Akaomba kanga zake.

Waliondoka alfajiri, Likwata kwenye usukani, Mwahija nyuma pamoja na Kidawa. Likwata aliendesha akitega sikio. Alipita matuta ya kwanza, hakusikia mguno. Alipita korongo, kimya. Kimya hicho kilianza kumtisha. Alikwisha kujua sasa kwamba kimya cha mgonjwa si habari njema. Karibu na Ng'apa uvumilivu ulimwishia, akasimama, akazunguka nyuma na kufungua mlango.

Mwahija akaweka kidole mdomoni mwake kumwashiria asipige kelele. Kidawa alikuwa amelala usingizi, kinywa wazi, akikoroma kama mtu aliyetoka kulima.

Likwata aliurudisha mlango polepole, akaegemea gurudumu la nyuma, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Madaktari wa Lindi walimpasua Kidawa, wakamtoa mtoto wa kike mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, na baada ya wiki chache mama na mwana walirudi Milola kwa gari lilelile wakiwa wazima.

Kijiji kilikuja kupokea. Mwenyekiti Pazi naye alikuja, akampa mama pongezi, akamtazama mtoto, akamwombea dua. Halafu, kwa kuwa korosho zilikuwa zimejaa ghala la kijiji hadi mlangoni, alimvuta Likwata kando. Alisema hana ubaya, lakini kijiji ni kazi, na anaona zile shokamzoba ngumu zilifaa zaidi. Hata wagonjwa wenyewe hawakuwahi kulalamika.

Likwata hakubishana naye. Alikwenda nyuma ya gari, akafungua mlango, akatoa lile blanketi lililokunjwa, akatoa na magunia ya mchanga. Kisha akamwonyesha machela.

"Zile za zamani ninazo bado nyumbani, Mwenyekiti. Nitazifunga sasa hivi, na Abilahi atakupeleka mpaka Rutamba na kukurudisha. Ukishuka, utakalosema ndilo litakalokuwa."

Mzee Pazi aliitazama machela. Akaitazama barabara. Akawatazama wanawake wa Milola, ambao wote walikuwa wamenyamaza ghafla na kumkazia macho kwa hamu kubwa. Akakohoa, akasema kwamba korosho hata zikienda kwa safari nyingi zitafika tu, na kwamba mzee mwenzake asijisumbue, maana ni kweli walivyosema wahenga: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.