Kundi la Hisa la Bi Sikudhani

Hapo zamani za karibu, simu zilipokwisha kuingia kila mfuko, palikuwa na muuguzi mstaafu wa Dodoma, Bi Sikudhani. Alianzisha kundi la mtandaoni la wanunuzi wa hisa. Humo aliwafundisha watu kusoma taarifa za kampuni, bure, nao wakamwamini.

Siku moja ikasifiwa kundini kampuni ya mafuta ya alizeti ya Singida. Ilisemekana faida yake inapanda kila mwaka. Watu wakajiandaa kununua, na Bi Sikudhani mwenyewe akavutiwa.

Mbwambo, mwanachama mkimya, akaisoma taarifa ya kampuni mstari kwa mstari. Akaona faida imeandikwa lakini fedha yenyewe haionekani. Aliogopa kuchekwa, akamnong'oneza mwanachama mwenzake Nyamizi tu, akamwomba asimtaje.

Nyamizi hakuielewa hesabu ile, ila alimwamini Mbwambo. Akaandika kundini kwa jina lake mwenyewe: "Msinunue. Subirini kwanza." Wakamtukana, wakamwita mwenye kijicho. Bi Sikudhani naye nusura amtoe kundini. Nyamizi hakufuta neno.

Zawose, mwanachama mwingine ambaye tayari alikuwa na hisa za kampuni hiyo, akakosa raha. Akapanda basi hadi Singida. Akakuta majani yameota langoni mwa kiwanda, mitambo kimya. Kwanza akauza hisa zake. Kisha akatuma picha kundini.

Watu wakaacha kununua. Haukupita muda, kampuni ikafa, akiba zao zikapona. Bi Sikudhani alimwomba Nyamizi radhi mbele ya wote, kisha akatangaza kwamba amechoka, anataka kukabidhi kundi kwa anayestahili kuaminiwa.

Mbwambo akasema, "Mimi ndiye niliyejua. Bila mimi mngesema nini?"

"Ulijua ukanyamaza," Nyamizi akamjibu. "Matusi niliyala mimi."

"Na nani alikuamini?" akasema Zawose. "Niliyewaonyesha ni mimi."

Mwanachama mmoja akamuuliza Zawose hisa alizouza zilimwangukia nani kampuni ilipokufa. Zawose hakukana. Alisema kama asingekuwa na chake kule, asingekwenda hata kidogo.

Bi Sikudhani akasoma yote, akayarudia, na kila alipomchagua mmoja moyo ulimkumbuka mwingine. Aliyejua alijificha. Aliyesema hakujua. Aliyeona alijiokoa kwanza.

Basi nanyi mliokaa kunisikiliza, simu ya Bi Sikudhani ingekuwa mikononi mwenu, mngemkabidhi nani kundi lile?