Bao la Mzee Mdoe Linahama

Hii nimeletewa na shemeji yangu. Nimeianza nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi, nikaimaliza nimesimama. Isome, kisha mpelekee yeyote unayemjua ambaye tangu atoke hospitali kazi yake ni kugeuza mbavu tu.

Katika mji mmoja wa milimani walikuwapo wazee wawili, Semboja na Mdoe. Walikuwa marafiki tangu ujana, na ushahidi wa urafiki wao ni kwamba haikupita siku bila kusemana vibaya mbele ya bao.

Siku moja Semboja alikuwa na kete mkononi, uso umemchangamka, maana aliona leo anamfunga mwenzake. Ghafla kifua kikambana, jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Akaanguka palepale barazani kwa Mdoe. Gari likatafutwa, likakosekana. Akapakiwa kwenye mkokoteni wa mchele na kusukumwa mpaka hospitali, kule juu mlimani.

Ulikuwa mshtuko wa moyo. Madaktari wakapambana, Mungu akajalia, mzee akarudi nyumbani hai.

Sasa nyumbani mkewe, Bi Mwanamvua, hakutaka mchezo. Kitanda kikahamishiwa sebuleni. Uji analetewa, maji ya kunawa analetewa, hata redio ikipiga kelele yupo wa kuipunguza. Semboja akaona kumbe ugonjwa wenyewe si mbaya kihivyo. Lakini wageni wakiondoka, hofu inamshika. Anaweka kiganja kifuani, anasikiliza. Alijiaminisha kwamba mapigo aliyobakiza ni machache, na kila hatua inayapunguza. Kwa hiyo hata uani hakwenda bila kushikwa huku na huku.

Hospitali ikamtuma Dada Nakijwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole wa sauti lakini si wa kuyumbishwa.

"Shikamoo, baba. Leo tunatembea mpaka mlangoni."

"Marahaba, mwanangu. Siwezi. Huu moyo nautunza."

"Moyo ni msuli, baba. Ukiulaza tu unazidi kunyong'onyea. Ukiendelea hivi, hiki kitanda kitakumaliza kabla ya ugonjwa."

Semboja akageukia ukutani. Bi Mwanamvua naye akaanza kulia, akasema mzee wa watu aachwe apumzike.

Nakijwa hakubishana. Aliuliza tu, "Baba, kuna kitu unakitamani?"

"Kumfunga Mdoe," ukuta ukajibiwa. "Siku ile nilikuwa namfunga, mashahidi wapo."

Kesho yake Mdoe akaja kumjulia hali. Akakaa, akakohoa.

"Pole sana, ndugu yangu. Ila tusidanganyane. Siku ile ulijiangusha. Uliona unafungwa."

Semboja aliinuka kitandani akakaa kitako bila kushikwa na mtu.

"Nani? Mimi nilikuwa nimebakiza kula mara moja tu."

"Haya. Bao liko kwangu, kete ziko vilevile ulivyoziacha. Njoo tumalize. Lakini hutakiwi kusisimka, kwa hiyo kila siku unacheza mara moja, nami nacheza mara moja, unarudi kwako."

"Lilete hapa."

"Bao halina miguu," Mdoe akasema, akaaga.

Kwa Mdoe ni nyumba ya jirani. Asubuhi Semboja akajikongoja, Nakijwa kamshika mkono.

"Twende mwendo wa kuweza kuzungumza," Nakijwa akamwambia. "Maneno yakianza kukatika, tunapumzika. Kifua kikibana, niambie hapohapo."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Hata ukitaka kumsema Mzee Mdoe."

Loo, hapo alimpata. Mzee alimsema Mdoe tangu kitandani mpaka barazani, akacheza mara yake moja, akamsema tena mpaka kitandani.

Basi bao nalo likaanza vituko. Mara baraza la Mdoe limeanikwa mihogo, bao limehamia kwa fundi cherehani. Mara fundi ana wateja wa sikukuu, limehamia kwenye mashine ya kusaga. Mara vumbi la unga linamkereketa Mdoe, bao liko sokoni. Na mbebaji ni Mdoe mwenyewe, analishika kwa mikono miwili kama sinia la pilau, kalifunika kanga ya mkewe ili kete zisimwagike, magoti yanamlia.

"Anakimbia na bao," Semboja akamwambia mkewe. "Anajua anafungwa."

Akawa analifuata kila liendako. Nakijwa akauachia mkono wake, akawa anamfuata nyuma, mwishowe akawa anakuja tu kumpima. Bi Mwanamvua alianza kwa kumlilia mlangoni, akaishia kumpigia kelele kwamba uji unapoa.

Jambo moja tu lilimvunja moyo. Kila siku alifika kwenye bao amechoka vilevile kama siku ya kwanza. Alikuwa anapima uchovu, njia hakuipima. Jioni moja akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda.

"Mama, sipati nafuu," akamwambia mkewe. "Nachoka vilevile. Naona ndiyo nakwisha hivyo. Kesho siendi."

"Shauri yako," Bi Mwanamvua akasema, hata machozi hakutoa. "Mdoe kapita hapa. Bao liko hospitalini, juu. Kasema usipofika, kashinda yeye."

Viatu vikatolewa chini ya kitanda.

Asubuhi Semboja akaupanda mlima. Kila kona alisimama, akavuta pumzi, akamsema Mdoe kidogo, akaendelea. Kwenye kona ya mwisho akakutana na msukuma mkokoteni anateremka na magunia. Yule mtu akasimama akamtazama.

"Mzee, ni wewe? Siku ile nilipokupandisha hapa nilidhani nimebeba maiti."

Semboja akageuka nyuma. Chini kabisa aliona soko, mashine ya kusaga, na bati la nyumba yake, dogo sana. Akafuta macho kwa kofia, akaingia hospitalini. Kibarazani walikuwa wamekaa Nakijwa na Mdoe, bao katikati.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanichezea akili."

"Mpango wa daktari wako huyu," Mdoe akasema. "Mimi nimemaliza magoti tu."

Semboja akakaa, akacheza mara yake, akatabasamu. "Haya. Umekwisha."

"Ndugu yangu, wewe ningeweza kukufunga tangu kwa fundi cherehani. Nilikuwa nakula vishimo vya pembeni tu. Ningekufunga kulekule, ungerudi kulala."

Akachota kete, mkono ukazunguka na kuzunguka, na uliposimama safu ya mbele ya Semboja haikuwa na hata kete moja. Kafungwa.

Nakijwa akamtazama mgonjwa wake. Mdoe, aliyekuwa anacheka, akaacha kucheka.

"Kifua?" akauliza polepole.

Semboja akaweka kiganja kifuani, akasikiliza.

"Hakiumi. Nina hasira tu."

"Basi baba unaendelea vizuri," Nakijwa akasema.

Mdoe akashusha pumzi, akaanza kulifunika bao kwa kanga alirudishe nyumbani. Semboja akamshika mkono.

"Liache hapahapa juu. Kesho tunaanza upya."

Mdoe akautazama mlima, akayapapasa magoti yake.

Funzo: Anayempenda mgonjwa kweli hamletei kila kitu kitandani, humwekea mbali kidogo kitu cha kumfanya anyanyuke.