Kikapu cha Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mashamba na maghala yao, Tembo, Kiboko na Pimbi walilima shamba moja. Pimbi, mdogo kuliko sungura, alipalilia mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Siku ya mavuno Tembo na Kiboko walijichotea mahindi manene, vikapu kumi kila mmoja. Pimbi akapewa kikapu kimoja cha punje ndogo, ngumu kama kokoto.

"Mzee Tembo, hizi hazisagiki. Wanangu watakula nini?"

"Kikapu hukupewa?"

"Nimepewa, lakini kilichomo..."

"Bi Pimbi, hapa kikapu kikijaa kimejaa. Hatuchungulii kilichomo."

Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Na hayo meno yako si ya kutafunia kokoto?"

Pimbi alirudi nyumbani kwa hasira. Miezi minne jembe mkononi, halafu hivi? Alitia konzi moja ya punje kwenye chungu cha moto, huenda zingelainika. Akafunika.

Pa. Pa-pa. Papapapapa.

Kifuniko kikaruka. Vitu vyeupe vikamwagika jikoni kama maua. Watoto walionja, wakang'ang'ania. Pimbi aliwazuia kwanza, akavikusanya kwenye kikapu kitupu. Kikajaa, kwa konzi moja tu.

Asubuhi harufu iliwaleta Tembo na Kiboko mlangoni.

"Unapika nini, jirani?"

"Bisi, mzee. Kikapu kwa kikapu. Nyinyi mnaleta mahindi yenu."

Tembo alitia mkonga, akatafuna. Kru, kru, kru. "Kiboko, kalete mahindi kabla hajabadili mawazo."

Kutwa nzima chungu kililia papapa. Jua lilipoinama, maghala ya wakubwa yalikuwa matupu, na punje za Pimbi zilikuwa bado nusu kikapu.

Kiboko alijishika tumbo. "Nimekula vikapu kumi na bado nina njaa. Huu ni upepo mtupu!"

"Umetuibia," Tembo alinguruma. "Kilichomo hakina uzito."

Pimbi alisimama kizingitini, mikono kiunoni. "Mzee Tembo, kikapu kikijaa kimejaa. Ulisema mwenyewe, mbele ya shahidi huyu mwenye tumbo."

Msimu uliofuata, kabla ya kugawana, kila kikapu kilimwagwa chini, wote watatu wakitazama.

Na bisi? Zinaliwa hadi leo kila penye sherehe, na Tembo hulalamika kuwa hazishibishi huku akiomba aongezewe.

Anayetunga sheria ili amwonee mdogo, sheria hiyohiyo itamhukumu.