Lango la Mzee Chilongani

“Grisi haipakwi juu ya mchanga.”

Bibi Damari aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa karanga. Mjukuu wake Lameki alikuwa amemaliza kujisifu kwamba amemnunulia dada yake kanga mpya, ilhali bado hajamwomba radhi kwa kumwita mwongo mbele ya wageni. Wajukuu wengine wakacheka, kisha wakataka kujua msemo huo umetoka wapi.

“Umetoka nyumbani kwetu, siku nilipoposwa,” bibi akawajibu. “Marehemu baba yangu alipenda kuisimulia habari hiyo, hata mahali ilipomwumbua. Basi sikilizeni methali hii ilivyozaliwa.”

Mzee Chilongani, baba yake Damari, aliamka siku hiyo akiwa hatulii. Kabla ya chai alikwisha kuuzunguka ua mara tatu, akahamisha viti kutoka kivulini hadi juani, akavirudisha kivulini, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Wageni wa posa walikuwa njiani. Ukoo wake ulikuwa na desturi moja isiyopindwa: lango la posa halifunguliwi na baba wa binti, bali na mjomba wake. Jua likifika utosini nalo lingali limefungwa, wageni hugeuka, na posa hiyo hairudi tena.

Lango lenyewe lilikuwa la chuma, la kuvutwa kando juu ya magurudumu manne madogo. Lilikuwa fahari yake, na lilikuwa pia aibu yake. Miaka minne kabla ya hapo, siku aliyozikwa mama mkwe wake, ndiyo siku fundi wa kuchomelea alipokuja kulifunga. Chilongani alibaki kumsimamia fundi, akatuma msibani magunia mawili ya unga. Mkewe, Sechelela, akaenda peke yake kumzika mama yake.

Tangu hapo Mlewa, kaka yake Sechelela, hakuukanyaga tena ua ule. Chilongani alimpelekea shuka; Mlewa akashukuru, asije. Akampelekea asali, Mlewa akashukuru, asije. Kilichokuwa hakijapelekwa ni neno moja tu, na Chilongani alilijua.

Saa tatu asubuhi alilijaribu lango. Likakwaruza hata meno yakamsisimka. Kiangazi chote upepo wa Ugogo ulikuwa umelimwagia vumbi. Akakimbilia stoo, akatoka na kopo zima la grisi, akaanza kuisiliba kwa vidole kwenye magurudumu.

“Baba Damari,” mkewe akamwita, “yasafishe kwanza. Mafuta ya taa yapo, na matambara yapo.”

“Muda huo uko wapi, mama? Grisi itafanya kazi yake yenyewe.”

“Haya. Mwenye lango ni wewe.”

Alipaka mpaka grisi ikachuruzika kwenye reli. Akajipangusa kwa majani, akatazama kivuli chake, akatazama njia, akatazama tena kivuli.

Mlewa alifika saa tano, akaingia kwa mlango mdogo wa pembeni, ule wa watu wa nyumbani. Chilongani akamrukia kwa mikono miwili.

“Shemeji! Nguzo ya nyumba hii! Jua letu limechomoza mara mbili leo!”

“Nimekuja kwa ajili ya mpwa wangu,” Mlewa akasema. “Wageni wako wapi?”

Wageni walikuwa wamekwisha kufika. Mshenga wao, mtu wa utani mwingi, alikuwa akigonga chuma kwa fimbo.

“Hodi, wenye boma! Hili ni lango au ni jela? Binti yuko hai humo, au tuombe ruhusa ya mkuu wa gereza?”

Mlewa akashika mpini, akavuta. Lango likasogea upana wa kiganja, likasaga, likakwama. Akavuta tena. Halikuitika. Chilongani akapiga magoti, akakomba grisi iliyosalia kopo likabaki tupu, akaisiliba yote. Mlewa akavuta mara ya tatu. Lango likazidi kung’ang’ania.

“Jamani,” mshenga akaita kupitia ule upenyo, “kivuli changu kimeshaanza kuniingia chini ya viatu! Kikiisha, sisi twageuza, na kuku mtakula wenyewe!”

Jasho lilimtiririka Chilongani. Dirishani alimwona Damari, kitambaa cha posa mabegani, amejiuma mdomo.

Mlewa aliachia mpini. Akachota grisi kwa kidole, akaisugua kwa kidole gumba, akamsogezea shemeji yake sikioni. Ilikuwa ikikwaruza.

“Umesikia? Ndani ni mchanga mtupu. Kila ukiongeza grisi, unaupikia mchanga uji. Shemeji, grisi haipakwi juu ya mchanga.” Akajipangusa kidole kwa jani. “Shuka lako ninalo. Asali yako tuliila. Lakini mimi nawe bado tunakwaruza.”

Chilongani alibaki na kopo tupu mkononi. Safari hii hakuangalia kivuli.

“Sechelela,” akaita, “niletee mafuta ya taa na yale matambara.”

Akavua koti lake la sherehe, akalala kifudifudi vumbini, akaanza kukwangua kwa kijiti grisi iliyochanganyika na mchanga. Akaosha ekseli moja baada ya nyingine kwa mafuta ya taa, akazipangusa. Alipofika gurudumu la pili, akasema bila kugeuka:

“Siku ile fundi angeweza kungoja. Aliniambia mwenyewe kwamba atangoja. Nilitaka lango likamilike, nikamwacha mama yenu azikwe bila mkwe wake. Kisha nikaona aibu, na aibu hiyo nikaifunika kwa magunia. Nisamehe, Mlewa. Nawe, mama Damari, unisamehe.”

Sechelela alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Mlewa alikunja mikono ya shati, akachukua tambara, akalala upande wa pili kwenye gurudumu la nne.

“Mwatoboa handaki?” mshenga akapaza sauti. “Kivuli kimebaki kama kisigino!”

“Subiri, mtani,” Mlewa akamjibu. “Tunatoa mchanga.”

Walipomaliza, hapakuwa na grisi nyingine. Mlewa akapangusa kwa kidole ile iliyoganda safi chini ya kifuniko cha kopo, kiasi cha punje ya harage kwa kila gurudumu. Akasimama, akashika mpini kwa mkono mmoja. Lango likateleza bila kukwaruza hata kidogo, na mshenga, aliyekuwa ameliegemea, akaingia uani kwa kupepesuka kabla ya kukaribishwa.

Bibi Damari aliuweka ungo chini. Hapo Lameki alikuwa amekwisha kuinuka, anatafuta viatu vyake.

“Kanga je, bibi? Niiache hapa?”

“Iache. Utakuja kuichukua ukishatoka kwa dada yako. Grisi haipakwi juu ya mchanga.”