Kompyuta ya Bi. Mwanakheri

Hata nyumba tupu hupigiwa hodi. Mmemsikia fundi kompyuta akimwambia mteja wake, mkadhani anaongelea mambo ya kupangisha. Sivyo. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia Muheza, sebuleni kwa Mzee Semkiwa.

Mkewe, Bi. Mwanakheri, alikuwa na mdomo mtamu na baraza lisilokauka watu. Umbea wote wa mtaa ulipitia kwake kwanza. Alipofariki, watu wakapungua mmoja mmoja, hadi mzee akawa anasonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Baada ya arobaini, dada za marehemu walifungua sanduku lake, wakagawana kanga. Mume hagusi sanduku la mke. Ndivyo Semkiwa alivyolelewa. Kompyuta ya marehemu ikabaki pale imefunikwa kitambaa cha kufuma, hakuna aliyeikumbuka.

Mwaka wa pili, mzee akatamani kumwona binti yake, Mwantumu, aliyeolewa Mwanza. Akaiwasha kompyuta. Ikajikongoja weee, kisha ikagoma. Akamwita fundi Zubeda.

"Babu, kilichochoka ni mfumo unaoiendesha, mwili bado mzima," Zubeda alisema. "Tuiwekee mfumo huria. Ni wa bure, watu wameutengeneza kwa ushirika, kila mtu ruksa. Ninao wa aina mbili: huu una mapambo, huu mwepesi."

"Mapambo ayaone nani? Weka mwepesi."

Zubeda akachomeka flashi. Kioo kikauliza: wajaribu kwanza bila kugusa kitu, waweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani, au wafute diski yote?

"Tujaribu kwanza, tuchungulie kilichomo?"

"Usichungulie. Ya mke wangu hayo. Mimi mwenyewe sijawahi."

"Sasa nifute?"

"Humo hamna kitu, alikuwa akicheza karata tu. Futa."

Kufikia adhuhuri kompyuta ilikuwa inawaka upesi kama taa. Mwantumu akaonekana kwenye kioo, wakataniana, wakaulizana hali za watoto. Kisha binti akasema, "Baba, zile sauti za mama umezihamishia wapi?"

"Sauti gani?"

"Si alikuwa akijirekodi kila Ijumaa ukienda msikitini? Anakusengenya, anatusengenya na sisi, anacheka mwenyewe. Alisema ni zako, akitangulia usije ukakaa kimya humo ndani."

Mzee akamgeukia Zubeda.

Zubeda alihangaika siku tatu kwa kila ujanja anaoujua. Akaambulia majina ya mafaili tu, ndani patupu. Moja liliitwa "Semkiwa na viatu vyake".

"Nisamehe, babu."

"Hukukosa wewe. Mimi niliuheshimu mlango, nikaibomoa nyumba. Ningebisha tu, angeitika."

Tangu hapo, akisikia jirani anabadilisha mfumo, huyo, njiani. Anakaa pembeni, chai hataki, mpaka kioo kiulize habari ya kufuta. Hapo ndipo anasema neno lake. Watu walimcheka, baadaye wakaanza kumngoja aseme kabla hawajabonyeza.

Kisha hurudi kwake peke yake. Akifika mlangoni hapitilizi. Hubisha, husubiri kidogo, ndipo akaingia.

Hata nyumba tupu hupigiwa hodi.