Kwa Nini Mgawa Maji Hulima Mwisho wa Mfereji

Enzi hizo, nyinyi mnaonisikiliza hamjazaliwa, wala baba zenu, wala waliowazaa baba zenu, maji ya kijiji cha Mbaangwe yaligawanywa kinyume kabisa na yanavyogawanywa leo. Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo lililochimbwa na wahenga ili kukinga maji ya kijito. Usiku ndiva ilijaa. Asubuhi mgawa maji aliuzibua mlango wake, maji yakashuka kwenye mfereji, shamba baada ya shamba, hadi la mwisho. Na siku hizo mgawa maji alipewa shamba la kwanza, lile linalopakana na ndiva yenyewe. Ilikuwa heshima yake. Hakuna aliyeona ubaya.

Mgawa maji wa wakati huo aliitwa Mrutu, mtu wa sauti nene na mwepesi wa kucheka. Mwisho kabisa wa mfereji alilima mjane aliyeitwa Nakijwa. Marehemu mumewe alikuwa wa rika la Mrutu, kwa hiyo wawili hao waliitana shemeji.

Mwaka mmoja, kiangazi kikali, maji yakaanza kukatikia njiani. Nakijwa alisubiri kwenye mdomo wa shamba lake, jembe mkononi, na kilichomfikia kilikuwa tope jembamba la kulowesha nyayo tu. Majani ya maharage yake yakaanza kujikunja. Akapanda kwa Mrutu.

"Shemeji, kwangu hakufiki kitu."

Mrutu akacheka. "Maji yapo, shemeji. Tazama." Akamwonyesha shamba lake, migomba imenenepa, matope yanafika vifundoni. "Labda huko kwenu hamsafishi mfereji."

Nakijwa alirudi akasafisha mfereji wake mpaka mikono ikatoka malengelenge. Maji hayakuja. Ndipo alipoanza kutazama mashamba ya juu kwa jicho jingine.

Wala hakuwa peke yake. Tuhuma ilishuka mlimani upesi kuliko maji. Watu walikuwa wakisalimiana huku wakitazamana miguu, nani ana tope bichi. Aliyestawisha mgomba aliufunika kwa majani makavu usionekane. Watoto walikatazwa kusema walikula nini. Wa chini walisema wa juu ni wezi. Wa juu walisema wa chini ni wavivu. Wa katikati waliwashuku wote. Wakawekwa walinzi, kisha wakawekwa wengine wa kuwalinda hao walinzi.

Katikati ya mfereji aliishi mtu aliyeitwa Lukio. Alikuwa amekuja kutoka tambarare na kuoa pale kijijini. Alipanda magimbi kwenye bonde la nyuma ya nyumba yake, na magimbi yale yalikuwa ya kijani kibichi wakati kila kitu kimekauka. Lukio aliapa kwamba pale pana chemchemi ndogo aliyoikuta mwenyewe. Nani angemsikiliza? Mgeni hana shahidi. Siku moja asubuhi watu wakamwendea, wakang'oa magimbi yote, wakamwambia afunge mzigo. Nakijwa alikuwamo katika umati ule. Hakung'oa hata jani, lakini hakufungua kinywa, na ukweli ni kwamba moyo wake ulifurahi. Alimtazama mke wa Lukio akijitwika chungu na kushuka mlima bila kugeuka nyuma, naye akajiambia, kesho nitamwagilia.

Kesho yake alikaa kwenye mdomo wa shamba lake tangu alfajiri. Jua likapanda, likafika utosini. Maji hayakuja. Nakijwa alibaki amekaa pale, akimfikiria mke wa Lukio na chungu chake.

Watu walipoona Lukio ameondoka na kiu imebaki, hapo ndipo walipoogopana kwelikweli. Mwizi sasa lazima awe mmoja wao. Wazee wakaitisha baraza kwenye uwanja wa mnada.

Mrutu alisimama wa kwanza. "Nasikia minong'ono," alisema. "Leteni udongo wa kaburi la baba yangu, nitaulamba hapa hapa. Kama nimeiba maji, nife kabla ya mvua."

"Sote tuulambe!" mtu akapaza sauti, na baraza zima likaitikia.

Nakijwa akainuka. "Lukio naye aliapa," alisema. "Tulimwamini?"

Akamgeukia Mrutu.

"Mimi sijui mwizi ni nani. Huenda ni wewe, shemeji. Huenda ni huyu aliyeketi ubavuni pangu. Ila kila nikija kwako kulia kiu, unanionyesha matope ya shambani kwako. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sihitaji kiapo chako. Nataka uhame. Njoo ulime kwangu, mwisho wa mfereji, na uendelee kutugawia maji ukiwa huko."

"Ahaa!" sauti moja ikatoka nyuma. "Kumbe ni shamba la juu analolitaka!"

Watu wakaguna. Nakijwa alihisi macho yote yakimgeukia, macho yale yale yaliyomgeukia Lukio. Alijua kwamba neno moja baya lingetosha kumfungisha mzigo yeye pia.

"Shamba la juu silitaki," alisema. "Wapeni wasio na ardhi. Mimi nipeni kipande cha mlimani, kule juu ya ndiva."

Wengine walicheka. Maji hayapandi mlima. Kule hulimwa kwa mvua ya Mungu tu, na mvua yenyewe hupita ikipenda.

"Ndiyo," akasema Nakijwa. "Huko hakuna maji ya kuiba. Hamtakuwa na sababu ya kunishuku."

Mrutu aliwatazama watu mmoja mmoja. Kukataa kulikuwa sawa na kukiri. "Msimu mmoja," alisema kwa hasira, akaondoka.

Asubuhi ya kwanza aliizibua ndiva, kisha akashuka haraka kulisubiri tone lake. Akasubiri mpaka kicheko kikamtoka usoni. Hatimaye akashika jembe na kuufuata mfereji kwa miguu kutoka chini kwenda juu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe kazi ile, na nusu ya kijiji wakamfuata nyuma, Nakijwa akiwa miongoni mwao.

Walikuta tundu la kuibia maji, limezibwa kwa kipande cha mgomba lisionekane, kwenye shamba la kaka wa mke wa Mrutu. Walikuta jingine kwa mtu aliyepiga kelele kuliko wote siku ya kung'oa magimbi ya Lukio. Walikuta pia mashimo ya kaa wa mtoni, makubwa, yanayomeza maji mchana kutwa bila kosa la mtu yeyote, isipokuwa kwamba kila mmoja alingoja mwenzake ayazibe. Na karibu na ndiva, chini ya nyasi, ndani ya shamba alilolihama Mrutu mwenyewe, walikuta njia ya siri ya maji, imepangwa mawe vizuri, mawe yameota ukungu.

Mrutu alisema hakuijua. Wapo waliosema aliichimba yeye. Wapo waliosema ni kazi ya baba yake, aliyekuwa mgawa maji kabla yake. Alipiga magoti akaiziba kwa mikono yake, asimtazame mtu usoni, na hadi leo hakuna ajuaye.

Maji yakafika mwisho wa mfereji. Wazee walishuka tambarare kumwita Lukio arudi, na Nakijwa alikwenda nao. Mke wa Lukio aliwapa maji ya kunywa katika kibuyu, akasubiri wanywe, akakichukua kibuyu chake. Lukio hakurudi.

Msimu ulipokwisha, Mrutu alitaka shamba lake la juu. Watu wakamkatalia. Nakijwa naye hakurudishiwa lake. Alilima kule mlimani mpaka kufa kwake, na miaka ya ukame alikula kwa kuombaomba makande kwa majirani.

Na tangu siku hiyo, katika Mbaangwe na vijiji vyote vilivyoiga kwake, mgawa maji hulima shamba la mwisho. Tunapomchagua hatumuulizi kama ni mtu mwema, kwa maana wema umo moyoni, nasi hatuna macho ya huko. Tunamuuliza kama yuko tayari kuhamia chini. Wapo wanaonung'unika kwamba desturi hii inamvunjia heshima mkubwa. Kila anayesema hivyo, kesho yake tunakwenda kuukagua mfereji unaopita kwake.